UZI: David Matoma wa Uganda na ngazi za besiboli Marekani. Je, atafika Ligi Kuu?

Mwana wa Chumbageni:

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka arudi jioni akiwa ametulia.

Naishi Greensboro, North Carolina, mwaka wa saba sasa. Nilipofika sikujua besiboli hata chembe. Aliyenipeleka uwanjani mara ya kwanza ni Mkongomani wa Uvira tuliyekuwa tunafanya naye zamu ghalani, kwa sababu tiketi ilikuwa nafuu na watoto wana mahali pa kukimbia. Timu ya hapa inaitwa Greensboro Grasshoppers, yaani Panzi. Wana mbwa aliyefundishwa: mpigaji akiacha gongo chini, mbwa anatoka mbio, analibeba mdomoni, anarudi nalo pembeni. Wanangu walimpenda yule mbwa. Mimi nikavutwa na warushaji, na mpaka leo sijaponea hapo.

Panzi ni timu ya ligi ndogo, yaani zile zilizo chini ya Ligi Kuu. Tangu 2019 wako chini ya Pittsburgh Pirates, klabu ya Ligi Kuu, na hiyo klabu ya Pirates ndiyo iliyomsainisha kijana wa Kiganda, David Matoma, mwaka 2023 akiwa hajatimiza miaka 18. Ni mrushaji wa mkono wa kulia, mwembamba, na mpira wake umepimwa maili 97 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 156. Nimesoma huko na huko watu wetu wakiandika "Mganda yuko Ligi Kuu Marekani" au "mwakani anaitwa Pittsburgh". Nataka tuliongelee hili kwa utulivu, kwa sababu namtakia mema kuliko wengi humu, na kumtakia mtu mema ni pamoja na kuujua mlima anaoupanda.

Kwanza tuweke sawa neno "kupanda". Kwetu timu ndiyo inayopanda daraja. Timu ikifanya vizuri Ligi ya Championship inaingia Ligi Kuu na wachezaji wake wote, na mji mzima unashangilia. Huku sivyo. Bradenton, timu nyingine iliyo chini ya Pirates, wakishinda mechi zote za msimu, mwakani watakuwa palepale. Greensboro vilevile. Anayepanda ni mchezaji, peke yake, na mara nyingi anaambiwa usiku baada ya mechi, asubuhi ameshaondoka na begi lake. Sisi mashabiki tunafika kesho yake tunakuta jina jingine kwenye ubao. Chukulieni mfano wa Simba au Yanga kuwa na timu ya vijana, lakini badala ya moja wana sita, karibu kila moja iko mji wake na ina uwanja wake na mashabiki wake, na mwenye mamlaka ya nani aende wapi ni klabu ya juu tu. Kocha wa hapa hawezi kumzuia mtu kwa sababu anamhitaji kwenye fainali.

Kwa Pirates ngazi ziko hivi: chini kabisa ni ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika, halafu timu ya mafunzo huko Florida, halafu Bradenton (Florida hiyohiyo), Greensboro, Altoona ya Pennsylvania, Indianapolis, ndipo Pittsburgh. Matoma alianzia Dominika 2023, akavuka Florida. Ngazi za mwanzo hizo. Juu yake kuna watu wengi, na wote wana mikono.

Nitaendelea nikitoka kazini.

Kijana wa Mbagala:

Mkuu naweka kambi hapa. Swali la haraka: si kuna yule Kasumba aliyekuwa anafanya mazoezi na matairi na madebe ya saruji? Mimi nilidhani ndiye yuko MLB, hiyo Ligi Kuu ya Marekani.

Mwana wa Chumbageni:

Hapana kaka, na ni vizuri umeuliza maana wengi wanawachanganya. Dennis Kasumba ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Video zake za mazoezi pale kwao, na bibi yake akiwa pembeni, ndizo zilizomtangaza dunia nzima. Mwaka 2023 alipata nafasi Frederick Keys ya Maryland, lakini hiyo iko kwenye ligi ya kujionyesha mbele ya wasaka vipaji. Si mkataba na klabu ya Ligi Kuu. Alihangaika sana hata kupata viza ya kuingia Marekani, alinyimwa zaidi ya mara moja. Namheshimu mno.

Waganda wa kwanza kusaini na klabu ya Ligi Kuu ni Ben Serunkuma na Umar Male, mwaka 2022, Los Angeles Dodgers. Matoma akafuata mwaka uliofuata kwa Pirates. Kusaini ni kupewa ruhusa ya kuanza kupanda ngazi. Hakuna Mganda hata mmoja aliyecheza mechi ya Ligi Kuu mpaka sasa. Wala Mtanzania, wala Mkenya.

Mtoto wa Lugazi:

Habari zenu ndugu zangu. Mie ni Mganda, Kiswahili changu ni cha kujifunza kazini Mombasa, mnivumilie.

Nataka niongeze kitu ambacho nyie wa Tanzania labda hamkukiona. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda kanda yetu, wakawa wamepata haki ya kwenda fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Pennsylvania. Viza zikakataliwa. Walibaki nyumbani, na timu nyingine ikaenda badala yao. Mwaka uliofuata, 2012, watoto wa Lugazi wakafuzu tena na safari hii wakaenda. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika pale, na walishinda mechi moja dhidi ya timu ya Oregon. Mimi siku hiyo nilikuwa nyumbani, mji wetu uko katikati ya mashamba ya miwa, barabara ya kwenda Jinja. Watu waliokuwa hawajui besiboli ni nini walikuwa wanaulizana matokeo sokoni.

Kwa hiyo mtu akiniambia Matoma ni bahati, namwambia hapana. Ni zao la zaidi ya miaka kumi ya watoto kurushiana mipira kwenye viwanja vya vumbi, glavu moja wanapokezana watatu. Endelea kaka.

Mwana wa Chumbageni:

Asante sana ndugu yangu wa Lugazi, na Kiswahili chako kinaeleweka vizuri kabisa.

Naendelea. Ukitaka kukadiria safari ya Matoma, mtu wa kumtazama ni Gift Ngoepe. Huyu ni wa Afrika Kusini, na mkataba wake wa kwanza ulikuwa na klabu hiyohiyo ya Pirates.

Jina lake kamili ni Mpho Gift Ngoepe. Mama yake, Maureen, alikuwa mfanyakazi kwenye klabu ya besiboli ya Randburg, karibu na Johannesburg, na familia iliishi kwenye chumba kidogo palepale klabuni. Mtoto akitoka mlangoni anakanyaga uwanja. Mwaka 2008 alikuwa kwenye kambi ya vijana iliyoandaliwa na Ligi Kuu huko Tirrenia, Italia, na Pirates wakamsainisha mwaka huohuo.

Ligi Kuu aliingia lini? Tarehe 26 Aprili 2017. Hesabuni wenyewe: miaka minane na nusu.

Katika miaka hiyo alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Mama yake alifariki 2013 na hakuwahi kumwona akifika. Tatizo la Ngoepe halikuwa kudaka. Kwenye nafasi za ndani ya uwanja alikuwa fundi, mpira wa chini ukija kwake hesabu umeisha. Tatizo lilikuwa gongo. Wastani wake wa kupiga kwenye ligi ndogo ulizunguka .230, yaani katika kila mara mia anazohesabiwa, anapiga vizuri kama ishirini na tatu. Kwa wastani huo wengi wanaagwa mapema.

Kwa nini basi aliitwa Aprili ile? Hapa ndipo nataka mtulie. Hakuitwa kwa sababu ghafla alianza kupiga kama bingwa. Aliitwa kwa sababu Pittsburgh palikuwa na shimo. Mchezaji wao wa besi ya tatu (besi ni vile vituo ambavyo mpigaji hukimbilia), Jung Ho Kang, alikwama Korea Kusini kwa kukosa viza baada ya kesi ya kuendesha gari akiwa amelewa. Tarehe 18 Aprili nyota wao Starling Marte akafungiwa mechi 80 kwa dawa zilizopigwa marufuku. Wengine walikuwa wanauguza misuli. Klabu ikahitaji mtu anayeweza kusimama besi ya pili leo usiku bila kuharibu, na mtu huyo alikuwepo Indianapolis, ametulia, anajua kazi.

Akaingizwa awamu ya nne (mechi ina awamu tisa) dhidi ya Chicago Cubs, mabingwa watetezi. Mara yake ya kwanza kushika gongo akakutana na Jon Lester, mmoja wa warushaji wakubwa wa kizazi kile, na akaupiga mpira ukapita katikati akasimama besi ya kwanza. Pirates wakashinda 6 kwa 5. Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kucheza Ligi Kuu ya besiboli. Nimeitazama video ile sijui mara ngapi, na kila mara namwangalia yeye akiwa amesimama pale kwenye besi, anajaribu kuuzuia uso wake usimsaliti.

Msimu ule alicheza mechi 28, wastani .222. Mwaka uliofuata akiwa Toronto alicheza 13, na hapo ikaisha kwa upande wa Ligi Kuu.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kipaji miaka minane na asipande, kisha akapanda wiki moja yenye viza ya mtu mwingine kugoma. Ninachokiona mimi ni kwamba mchezaji anapandishwa na vitu viwili vikikutana: awe na jambo moja analolifanya vizuri kiasi kwamba klabu haiwezi kujifanya haioni, na juu yake pawe na nafasi iliyo wazi. Jambo la Ngoepe lilikuwa glavu. La Matoma ni mkono.

Bi Mkubwa Pwani:

Mwanangu, shukurani kwa maelezo. Mimi si mtu wa michezo, nimeletwa humu na mjukuu. Nauliza: huyo mtoto anaishi kwa nini miaka yote hiyo nane? Anakula nini? Maana mpira bila tumbo hauendi.

Mwana wa Chumbageni:

Shikamoo bibi. Umegusa penyewe.

Zamani hali ilikuwa mbaya, vijana walikuwa wanalala sita kwenye nyumba ya vyumba viwili, wengine wanafanya kazi za dukani miezi ya baridi. Tangu 2022 klabu zinalazimika kuwapa wengi wao makazi. Mwaka 2023 wachezaji wa ligi ndogo wakapata mkataba wao wa kwanza wa chama cha wafanyakazi. Kima cha chini kwa mwaka kikawa dola 19,800 kwa timu za mafunzo, 26,200 kwa ngazi ya Bradenton, 27,300 kwa ngazi ya Greensboro, 30,250 kwa Altoona, 35,800 kwa Indianapolis. Bibi, hiyo ya Greensboro ni chini ya ninachopata mimi kubeba maboksi. Akipanda Ligi Kuu, kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Hiyo ndiyo hatua kati ya Indianapolis na Pittsburgh. Mtu analala na mshahara wa karani, anaamka na wa mkurugenzi, na akirudishwa chini wiki ijayo, mshahara nao unashuka.

Wale walioko Dominika hawamo kwenye mkataba ule wa 2023. Ndiko Matoma alikoanzia.

Bi Mkubwa Pwani:

Marahaba mwanangu. Mungu amfanyie wepesi. Nimeelewa.

Nondo za Mwanza:

Mkuu mimi nina pingamizi kidogo. Ngoepe alikuwa mchezaji wa ndani ya uwanja asiyejua kupiga. Matoma ni mrushaji wa maili 97. Hawa si wa kulinganishwa. Kasi ya hivyo haifundishwi, unazaliwa nayo. Pirates hao hao walimpandisha Paul Skenes chini ya mwaka mmoja. Kwa nini Matoma asubiri miaka minane?

Mwana wa Chumbageni:

Pingamizi zuri kaka, na nusu yake nakubaliana nayo.

Kweli kasi haifundishwi kirahisi. Ila Skenes siyo kipimo. Alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya Julai 2023, yaani siku klabu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, baada ya kutawala besiboli ya vyuo vikuu, akalipwa dola milioni 9.2 kwa kusaini, na Mei 2024 akawa ameshapanda kilima cha Pittsburgh, pale mrushaji anaposimama. Greensboro hata hakupita. Amekulia kwenye mfumo unaomrushisha mtoto mpira tangu ana miaka mitano, kila kiangazi, na kocha wa mkono na daktari wa bega. Matoma alisaini mwaka huohuo, klabu hiyohiyo, kwa fedha ndogo isiyoweza kuwekwa kwenye sentensi moja na ile. Na fedha ina maana yake kwenye kupanda. Klabu iliyoweka milioni tisa kwa mtu itampa nafasi ya kukosea mara ishirini. Aliyesainiwa kwa bei ndogo anapewa nafasi ya kukosea mara chache, kisha wanamgeukia anayefuata. Sisemi ni haki. Nasema ndivyo ilivyo.

Hesabu nyingine ni hii: klabu inaruhusiwa kuwa na wachezaji 165 wa ligi ndogo walioko Marekani, na kikosi cha juu ni watu 26. Kila Julai drafti ya raundi 20 inaleta wapya. Wakija ishirini lazima idadi kama hiyo ioneshwe mlango, na kila mwaka kuna siku za namna hiyo. Kijana anakuja na begi kwenye mazoezi ya masika, anaitwa ofisini, anatoka hana timu.

Sasa kuhusu kasi. Nimekaa uwanjani hapa misimu mingi, na warushaji wa maili 97 nimewaona wengi kuliko vidole vyangu. Jaribuni kuliona hivi. Besi ya nyumbani ina upana wa sentimita 43. Mrushaji anasimama mita 18 na nusu hivi kutoka hapo. Mpira wa kasi ile unafika chini ya nusu sekunde. Kazi yake ni kuupitisha juu ya ile sentimita 43, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, mara kumi na tano kwa awamu, na kila mara mahali ambapo mpigaji hakutarajia. Ukikosa mara nne mpigaji anatembea bure mpaka besi ya kwanza. Besi ya bure ndiyo inayowaua vijana wenye mikono mikali. Ngazi za chini wapigaji wachanga wanaogopa kasi, wanazungusha gongo hata kwa mpira ulio nje ya eneo, na namba za mrushaji zinapendeza. Akifika Altoona anakutana na watu wazima waliokwisha kuona kasi. Hawazungushi gongo kijinga. Wanamwangalia tu anavyokosa, moja, mbili, tatu, nne, anatembea. Ngazi ile ya Altoona ndiyo chujio, wenye besiboli wote wanasema hivyo.

Nitawapa mfano niliouona kwa macho. Mwaka 2023 hapa Greensboro alikuwepo Bubba Chandler, mkono wa hatari. Nusu ya kwanza ya msimu ilikuwa mateso, anatoa besi za bure, anapigwa, anashuka kilimani akiangalia viatu. Kuna jioni nilikaa karibu na wanapopashia misuli nikamwona anarudia jambo moja tu: anainua mguu, anatua, anasimama hapohapo bila kurusha, anaangalia kidole gumba cha mguu wake kimeelekea wapi. Mara ishirini, labda thelathini. Hakuna aliyepiga makofi. Nusu ya pili ya msimu alikuwa mtu mwingine. 2024 akaenda Altoona na Indianapolis, na Agosti 2025 akaingia Pittsburgh. Miaka minne baada ya drafti, na huyo alikuwa anatarajiwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo nikisikia "Matoma karusha maili 97", nauliza: ametoa besi za bure ngapi?

Mwl. Upanga:

Nami niongeze, nafundisha michezo sekondari hapa Dar. Pale Azania tuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na vijana wetu wanacheza mashindano yao kila mwaka wakiyaita Koshien, kama ya shule za sekondari Japani. Wenye kasi huwa wapo. Mwanafunzi aliyekulia kurusha mawe kuangusha maembe ana mkono wa ajabu. Ninachokosa ni miaka. Napata mtoto ana miaka 15, nakaa naye misimu mitatu, anamaliza kidato cha nne anaondoka. Mtoto wa Kidominika wa umri huo ameshacheza miaka kumi. Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi kuhusu udhibiti. Udhibiti ni marudio tu, na marudio yanahitaji muda ambao vijana wetu hawakupewa.

Swali langu: klabu inaweza kumvumilia mpaka lini?

Mwana wa Chumbageni:

Mwalimu, swali hili ndilo lililonifanya nifungue uzi, asante.

Kuna kanuni inayoitwa drafti ya Kanuni ya Tano. Lengo lake ni kuzuia klabu kuwafungia vijana chini milele. Mchezaji aliyesainiwa akiwa na miaka 18 au chini, baada ya misimu mitano klabu inatakiwa kuamua: imwingize kwenye orodha ya watu 40, ambayo ni kama chumba cha kusubiria Ligi Kuu, au imwache nje. Ikimwacha nje, Desemba klabu nyingine yoyote inaweza kumchukua kwa dola 100,000, kwa sharti la kumweka kwenye kikosi chake cha Ligi Kuu msimu mzima. Ikishindwa, inatakiwa kumrudisha.

Matoma alisaini 2023. Hesabu misimu: 2023, 2024, 2025, 2026, 2027. Kwa hiyo uamuzi unaangukia Novemba 2027. Mkataba wa wachezaji wa Ligi Kuu unaisha Desemba 2026 na kanuni zinaweza kuguswa, lakini kwa zilizopo leo, tarehe ni hiyo. Wenye kalenda wekeni alama. Wakimwingiza kwenye orodha ya 40, ujue wanaamini. Wakimwacha nje na klabu nyingine ikamnyakua, anaweza kujikuta Ligi Kuu kwa kuruka ngazi, jambo ambalo limewahi kuwatokea warushaji wa kasi. Akiachwa na asichukuliwe, safari haijaisha ila itakuwa imerefuka.

Mtazamo wangu binafsi, na nauweka hapa mje mnikumbushe: sioni atakuwa mrushaji wa kuanza mechi, yule wa kurusha awamu tano sita. Namwona mrushaji wa akiba, anayeingia awamu ya saba au ya nane, anamaliza wapigaji watatu kwa nguvu zake zote, anatoka. Kazi hiyo inahitaji mipira miwili tu iliyokamilika, wa kasi na mmoja wa kupinda, na inamfaa mtu mwembamba mwenye mkono mkali. Na ndiyo nafasi yenye mashimo mengi zaidi. Warushaji wa akiba wanaumia viwiko, wanachoka, wanashushwa na kupandishwa msimu mzima. Ngoepe alisubiri shimo la besi ya pili miaka minane, maana besi ya pili ni mtu mmoja. Warushaji wa akiba ni saba au wanane, na msimu haumaliziki bila klabu kupitisha zaidi ya ishirini.

Tena njia hiyo Mwafrika ameshaipita. Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, aliteuliwa na Cubs kwenye drafti ya 2011, akaingia Ligi Kuu Juni 2019 na Seattle. Miaka minane naye. Ila hakuishia hapo, alikwenda hadi Japani akarudi, na msimu wake bora ni 2024 akiwa Houston, akirusha kama mtu wa akiba anayeaminika.

Nondo, nadhani sasa unaona kwa nini nimemlinganisha na Ngoepe. Uchezaji wao ni mbingu na ardhi. Nilichotaka mkione ni mlango ulivyofunguka.

Nondo za Mwanza:

Nimekuelewa mkuu, na hiyo ya Novemba 2027 sikuwa naijua kabisa. Kwa hiyo mtu wa kawaida kama mimi niliye huku nifuatilie nini? Mechi zenyewe zinachezwa sisi tumelala.

Mwana wa Chumbageni:

Fuatilia vitu viwili kaka, achana na ushindi na kushindwa. Mechi zenyewe ni Jumanne hadi Jumapili, Jumatatu wanapumzika, na matokeo yote yako wazi mtandaoni. Tazama besi za bure kwa kila awamu tisa. Zikiwa zinashuka mwaka hadi mwaka, tulia, kijana anakua hata kama hajapandishwa. Kisha tazama anaingizwa wakati gani. Kocha akianza kumwingiza timu ikiongoza kwa mkimbio mmoja, yaani pointi moja, badala ya inapokuwa imeshapoteza, huo ni ujumbe kutoka juu. Kocha wa ligi ndogo haamui hayo kwa matakwa yake.

Na msiogope akikaa ngazi moja mwaka mzima. Mwaka 2025 tulimpata hapa Konnor Griffin, miaka 19, alianza Bradenton, Juni akaja kwetu, Agosti akawa ameshaenda Altoona. Ngazi tatu msimu mmoja. Wanangu walikuwa wameshaandika jina lake kwenye bango, bango halikutumika mara mbili. Wa namna hiyo ni mmoja baada ya miaka mingi. Matoma kukaa ngazi moja msimu mzima ni jambo la kawaida, wala si dalili ya kushindwa.

Mama Tumaini:

Kaka, mimi pia niko Greensboro, tulikuja kama wakimbizi kutokea kambi ya Nyarugusu. Mtoto wangu ana miaka kumi na moja. Toka mwaka jana anarusha mpira ukutani kila jioni mpaka jirani akaja kulalamika. Nilidhani ni utundu. Kumbe kuna watu wa kwetu wanafanya kazi hii. Nifanyeje? Sijui chochote, na pesa ya klabu za huku sina.

Mwana wa Chumbageni:

Dada, pole kwa safari na karibu sana. Usimkataze kurusha ukutani. Mtafutie tu ukuta usio wa jirani, kuna ule wa nyuma ya viwanja vya tenisi vya manispaa. Kwa umri wake asijaribu bado mipira ya kupinda, kiwiko cha mtoto hakijakomaa. Arushe wa kawaida, alenge, na akisikia maumivu aache siku hiyo hiyo. Ligi za watoto za mitaa zina ada ndogo, na nyingi zina utaratibu wa kumsamehe asiyeweza ukiuliza mapema kabla ya masika. Nitakuandikia pembeni ya ninayoifahamu. Glavu ninayo, ya mwanangu mkubwa, imemkaa ndogo.

Jumapili Panzi wako nyumbani. Mlete, nitawasubiri lango la Bellemeade saa moja kabla. Tutakaa karibu na wanapopashia warushaji, aone mkono unavyouachia mpira.

Mtoto wa Lugazi:

Mama Tumaini, akishaanza, tuandikie humu anarusha mkono gani.

Mama Tumaini:

Wa kushoto.

Mwl. Upanga:

Wa kushoto! Dada, mtunze huyo mtoto.